Mshale umekwenda kando: kutafuta chanzo cha matatizo ya kuwinda kulungu kwa upinde

Hapa Michigan, Marekani, msimu wa upinde hufunguliwa tarehe 1 Oktoba na kwenda hadi 14 Novemba. Tarehe 15 zinaingia bunduki, halafu upinde unarudi Desemba. Wiki mbili za mwanzo simu yangu haipoi. Wanaopiga ni ndugu wa hapa Grand Rapids, wengi Wakongomani, wengine Watanzania, watu waliomaliza kozi ya usalama wa uwindaji, wakalipia leseni na kununua upinde wa roda (ule wenye magurudumu kwenye ncha zake) wa bei ya kuumiza. Karibu wote huanza kwa maneno yale yale: "Kaka, upinde wangu umeharibika."

Mara chache sana upinde ndio mkosaji. Ila mtu akishaamini hivyo anachukua funguo na kuanza kukaza na kulegeza kila skrubu anayoiona. Jioni anakuwa na matatizo manne badala ya moja. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, shika mambo mawili. Kwanza, piga mishale mitatu, si mmoja, kwa maana mshale mmoja hautoi ushahidi. Pili, badili kitu kimoja tu, kisha piga tena mitatu.

Na kwa wenzangu mliokulia nyumbani, kuna jambo tulilorithi ambalo huku halifanyi kazi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Wakamba na Waata wa Kenya walijulikana kwa mishale ya sumu, na sumu ya mti wa msunguti iliangusha hata tembo. Ukiwa na sumu, jeraha la mguuni linaweza kutosha. Huku sumu hairuhusiwi. Kigumba, yaani ile ncha ya mshale, kinaua kwa kukata, mnyama akatoka damu, basi. Kikipita kwenye mapafu, kulungu anaanguka ndani ya sekunde chache. Kikipita sentimita 20 nyuma yake, umemwachia mnyama mateso ya saa nyingi. Ndiyo maana nayachukulia kwa uzito hata matatizo yanayoonekana madogo.

Vigumba vya mazoezi vinakusanyika, vya kuwindia vinatawanyika

Hili ndilo swali linaloongoza. Mtu amefanya mazoezi tangu Juni kwa vigumba vya duara visivyo na wembe, mishale inagusana kwenye shabaha. Septemba anafunga vigumba vya wembe na mishale inaenda kila mahali, au yote inakwenda sentimita 15 kulia.

Kigumba chenye wembe ni kama bawa lililofungwa mbele. Mshale unaotoka mkia ukiwa umepinda kidogo hurekebishwa na manyoya ya nyuma, na kwa kigumba cha mazoezi hutaona kitu. Ukiweka wembe mbele, hewa inashika ule mpindo na kuuvuta zaidi. Maana yake kigumba kipya hakijaleta kosa. Kosa lilikuwepo tangu Juni, kimekuonyesha tu.

Anza na mshale wenyewe. Hakikisha kigumba cha kuwindia kina uzito sawa na kile cha mazoezi, kwa kawaida greini (kipimo cha uzito wa vigumba) 100 kwa 100. Simamisha mshale juu ya kucha au meza ngumu, ncha chini, uuzungushe kama pia. Ncha ikiyumba, kigumba hakijakaa sawa, na hakuna marekebisho ya upinde yatakayoponya hilo. Halafu shika mshale wa kaboni kwa mikono miwili, uukunje taratibu karibu na sikio huku ukiugeuza. Ukisikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu kinachokatika, vunja mshale huo na uutupe. Kaboni yenye ufa inaweza kupasuka wakati wa kufyatua na vipande vikaingia kwenye mkono ulioshika upinde.

Mishale ikiwa mizima, tazama mkono huo. Wengi wanaukaba mpini kana kwamba ni panga. Ukikaba, kiganja kinausokota upinde kidogo, na kila siku kinausokota tofauti. Hiyo ndiyo sababu ya mishale kutawanyika. Mpini ukae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vingine vilegee, vifundo vyake vimelala mshazari kama nyuzi 45. Nimeona watu watatu wakipona kwa hili peke yake, wakaacha kununua vitu.

Mishale ikikusanyika vizuri lakini mahali pengine, sasa gusa kiegemeo cha mshale. Kanuni ni moja: sogeza kiegemeo kuelekea pale vilipo vigumba vya mazoezi. Vya kuwindia vikiwa kulia, sogeza kiegemeo kushoto. Vikiwa chini, pandisha. Sogeza chini ya milimita moja kila mara, kisha piga tena vya aina zote mbili. Makundi mawili yakishakuwa moja, ndipo unagusa pini za kulengea. Ukianza na pini utakuwa umeficha ugonjwa.

Ukiwa umesogeza na kusogeza bila mafanikio, angalia ugumu wa mshale. Mshale laini kuliko nguvu ya upinde unapinda mno unaposukumwa. Namba ya ugumu imeandikwa ubavuni, na watengenezaji hutoa jedwali la kulinganisha na uzito wa kuvuta na urefu wa mshale wako. Kwa wengi wao, namba ikipungua mshale ni mgumu zaidi, na hapo ndipo watu hununua kinyume.

Uwanjani unapiga katikati, dunguni mishale inapita juu ya mgongo

Utaambiwa ni mteremko, kwamba kutoka juu kipimo cha umbali hudanganya. Ni kweli, ila kwa madungu yetu, yale majukwaa ya kukalia juu ya mti, tofauti ni ndogo sana. Ukiwa mita 6 juu ya ardhi na kulungu yuko mita 18 kutoka shina la mti, mstari wa jicho ni kama mita 19. Mita moja haiwezi kukurushia mshale juu ya mgongo.

Chanzo kiko kiunoni. Ukiwa juu unashusha mkono wa upinde bila kuinama. Umbo la mabega linavunjika, mkono wa kuvuta unatua mahali pengine shavuni, na jicho linapita kwenye kile kitundu cha kulengea kilicho kwenye upote (kamba ya upinde) kwa pembe nyingine. Dawa ni kuvuta ukiwa umenyooka kana kwamba kulungu yuko mbele yako usawa wa kifua, kisha kuinama kuanzia kiunoni hadi pini itue.

Nilipowauliza watu kwa nini hawainami, wengi walikiri kwamba wanaogopa kuanguka. Hofu hiyo ni ya haki. Mkanda wa usalama wa mwili mzima, uliofungwa kwenye mti tangu mguu unapoacha ardhi, unakuruhusu kuegemea mbele na kuuamini. Upinde uvute juu kwa kamba ukishakaa, usipande nao mkononi kamwe. Halafu fanya mazoezi kutoka juu. Kama mwenye shamba anaruhusu, weka shabaha chini ya dungu lako mwezi Septemba.

Kuna na kisa cha mkono wa koti. Mishale ikienda kushoto siku za baridi tu, na wewe unavuta kwa mkono wa kulia, vaa koti lako nene na upige nalo. Mara nyingi upote unagusa mkono wa koti. Funga kiwiko cha kushoto kwa bandeji ya mpira na umemaliza.

Baridi imeingia, upinde hauvutiki

Dukani ulivuta pauni 65 ukiwa na joto mwilini na watu wanakutazama. Alfajiri ya Novemba, baada ya saa mbili bila kutikisika, misuli ile haipo. Unaelekeza upinde angani ili upate nguvu, na kulungu anakuona.

Kipimo changu ni hiki. Kaa kwenye kiti, inua miguu yote miwili kutoka sakafuni, na uvute upinde, mshale ukiwa mahali pake na umeelekea shabaha, bila kuinua mikono. Ukishindwa, punguza. Boliti mbili za mikono ya upinde zilegezwe sawasawa, robo mzunguko huku na robo kule, usivuke kikomo cha mtengenezaji. Mzunguko mzima kwa kawaida hupunguza pauni mbili au tatu. Kisha rudi kupanga pini, maana mshale utashuka. Pauni 50 zenye kigumba kikali zinapita katikati ya mbavu za kulungu bila shida, kwa hiyo usione aibu. Na usifyatue upinde mtupu hata siku moja. Nguvu iliyokosa mshale wa kubeba inarudi kwenye upinde wenyewe na kuuvunja.

Kidole kinafyatua kabla hujawa tayari

Pini inakaribia shabaha na kidole kinagonga kifyatulio chenyewe. Au kinyume chake, pini inaganda chini ya shabaha na huwezi kuipandisha. Hii ni hofu iliyoingia kwenye misuli, na kuongeza mishale kwa umbali ule ule kunaikomaza.

Sogea hadi mita tatu mbele ya shabaha isiyo na alama. Vuta, fumba macho, weka kidole kwenye kifyatulio, kisha kaza misuli ya mgongo kana kwamba unataka kugusanisha mabega kwa nyuma, hadi upote uondoke wenyewe. Mishale 20 kwa siku, wiki tatu, bila kulenga kitu. Inachosha, na sijaona njia ya mkato.

Kulungu wanapita mbali, au wanakoroma na kukimbia

Hapa upinde hauna lawama kabisa. Kulungu akipiga mlio ule wa pumzi, mkia mweupe juu kama bendera, amekunusa au amekuona. Jiulize alikuwa upande gani wa upepo.

Kuna mmea wa mashambani huku ambao maganda yake hupasuka mwishoni mwa Septemba na kutoa nyuzi laini kama sufi ya mito ya nyumbani. Jaza mfuko mmoja. Ukiwa dunguni, achia uzi mmoja kati ya vidole na uutazame. Utashangaa. Unaondoka kuelekea magharibi kama utabiri ulivyosema, unafika mita 20, unasita, unashuka bondeni na kurudi chini ya miguu yako. Hiyo ndiyo njia ya harufu yako. Hewa baridi ya alfajiri huteremka kwenye mabonde, jua likishapasha ardhi hupanda, jioni huteremka tena. Dungu linalofaa asubuhi linaweza kuwa baya jioni, mti ni ule ule.

Kama hawakunusi lakini wanatazama juu moja kwa moja, tafuta kilicho nyuma yako. Mtu aliyekaa mbele ya anga tupu ni kivuli cheusi, hata akivaa nguo za majani. Chagua mti wenye matawi au shina pana nyuma. Jinzi ziache nyumbani, kwa sababu macho ya kulungu huona bluu vizuri kuliko nyekundu na rangi ya chungwa.

Na kama siku tatu za kwanza uliwaona, ya nne na ya tano hakuna kitu, umelichosha dungu. Liache wiki nzima. Wakati huo tafuta mwaloni mweupe unaodondosha matunda. Mwezi Oktoba kulungu huacha karibu kila chakula kwa ajili yake, na sehemu kubwa ya Michigan hairuhusiwi kuwekea kulungu chambo.

Alikuwa pale, mshale ukapita mahali alipokuwa

Kulungu haruki juu, kwanza anachuchumaa. Anakunja miguu ili apate nguvu ya kuondoka, na mgongo wake unashuka chini ya mshale. Mshale wa upinde wa kisasa huenda kama futi 280 kwa sekunde, sauti huenda futi 1,100 hivi. Kwa yadi 20, yaani mita 18, mlio wa upote unamfikia na bado mshale una kama sehemu 16 za mia za sekunde. Kwa yadi 40 anazo 32. Muda umekuwa mara mbili, na kwa mnyama yule ni mwingi mno.

Zipo sponji za kupunguza mlio wa upote, na zinasaidia kidogo. Kinachosaidia kweli ni kumsoma. Masikio yakiwa mbele, shingo imenyooka, mguu mmoja unagonga chini, usifyatue, hata akiwa yadi 15. Akiwa anakula na mkia unacheza, lenga theluthi ya chini ya kifua. Na awe amekupa ubavu, au amegeukia mbele kidogo akikuacha nyuma yake. Anayekutazama uso kwa uso muache apite.

Nimempiga, lakini simwoni

Mwaka wangu wa pili nilimpiga jike saa kumi na moja na nusu jioni. Alijikunja mgongo, akatembea pole pole, akaingia kichakani. Niliogopa giza nikamfuata baada ya dakika 20. Nilimsikia akiinuka mbele yangu, mita 30, na sikumwona tena. Siku mbili nililitembea shamba lile. Mshale wake ninao bado, ukiwa na ukungu wa kijani kwenye manyoya.

Leo ningesoma dalili zote nilizokuwa nazo. Kulungu anayeruka na kurusha miguu ya nyuma kama punda, kisha akatoka mbio akiwa chini chini, kwa kawaida amepigwa moyo au mapafu. Anayejikunja mgongo na kuondoka taratibu amepigwa tumbo. Kwa hiyo baada ya kufyatua usishuke. Tazama mti wa mwisho alioupita, sikiliza, andika saa. Mpe nusu saa, ndipo uende kwa mshale, si kwa mnyama.

Chukua mshale uusugue kwa karatasi nyeupe. Damu ya rangi ya waridi yenye mapovu madogo ni ya mapafu. Ile nusu saa imetosha, mfuate, mara nyingi yuko ndani ya mita 100. Damu iliyokoza kama juisi ya rosela ni ya ini. Hapo subiri saa nne, sita zikiwezekana. Ukiona uchafu wa kijani au majani yaliyosagwa, nusa. Harufu ya tumbo haifichiki. Ondoka kwa njia uliyojia, kimya, usirudi kabla hazijapita saa nane hadi kumi na mbili. Asiposumbuliwa atalala karibu, na atafia pale pale. Akiinuliwa anaweza kwenda kilomita.

Kusubiri kunauma, hasa usiku wa joto. Nyama inaharibika na mbwa mwitu wadogo wa huku wako macho. Hata hivyo, kwa jeraha la tumbo, nyama iliyoharibika inawezekana kuepukwa usiku ukiwa wa baridi, lakini kulungu aliyeinuliwa ni vigumu sana kumpata.

Ukikosa damu, usikate tamaa mapema. Mshale ulioingia juu bila kutokea upande wa pili huacha damu ikijaa ndani, hata mita 50 bila tone. Weka kipande cha karatasi ya chooni kwenye kila tone unalopata, kisha geuka uitazame mistari hiyo. Itakuonyesha uelekeo wake. Tazama pia ubavu wa majani na mashina usawa wa paja lako, wengi hutazama chini tu. Wapo watu wenye mbwa wa kufuata damu, na Michigan inaruhusu mbwa huyo akiwa amefungwa kamba. Mpigie simu mwenye mbwa mapema, kabla hujakanyaga njia yote. Damu ikivuka mpaka wa shamba, simama, piga simu kwa mwenye shamba na uombe ruhusa.

Aliyepigwa tumbo mara nyingi huelekea kwenye maji. Kwa sisi Waislamu hili lina uzito wake. Tunasoma Bismillahi wakati wa kufyatua, na hadithi ya Adi bin Hatim inatufundisha kwamba kilichouawa kwa makali kinaliwa, kilichouawa kwa ubapa hakiliwi. Ukimkuta bado hai unamchinja. Ukimkuta amezama mtoni, wanazuoni wanakataza, kwa sababu hujui kilichomuua ni mshale au maji. Muulize sheikh wako kabla ya msimu, si ukiwa umesimama ukingoni.

Ukimwona amelala, mzungukie umfikie kutoka nyuma, upande wa mgongo. Tazama mbavu kama zinapanda. Kisha gusa jicho kwa ncha ya fimbo ndefu. Lisipopepesa, mfunge lebo yako pale pale kabla ya kumsogeza, piga picha ya pembe au kichwa, na uripoti mtandaoni kwa Idara ya Maliasili ndani ya saa 72. Kama eneo lako lina ule ugonjwa wa ubongo wa kulungu, ambao hapa Michigan ulionekana kwa kulungu wa porini mara ya kwanza mwaka 2015, peleka kichwa kikapimwe, na nyama ikae kwenye friza hadi majibu yatoke.

Halafu noa kisu, maana mwili bado una joto.